Sewa Haji Paroo: Mali ya njia ya Tabora iliyogeuka skuli na hospitali



Mwezi uliopita nililetewa swali na familia moja ya hapa Unguja. Baba yao alikuwa mtangazaji wa redio, sauti ambayo wengi wetu tuliizoea tukiwa barazani tukisubiri taarifa ya habari, na sasa ameshatangulia mbele ya haki. Watoto wake wamechanga, na marafiki zake wa kazi wamechangia, wanataka kuanzisha mfuko wa kuwasomesha vijana chuo katika fani ya habari, uitwe kwa jina la marehemu. Wameuliza kama thawabu zitamfikia, na kama inafaa kuweka jina lake. Kisha mmoja wao, mdogo wao kwa umri, ndiye aliyeuliza swali zito: mfuko huu uwe wa nani? Wa watoto wa ukoo? Wa Waislamu peke yao? Au wa kila kijana mwenye akili na asiye na ada?

Hayo mawili ya mwanzo jibu lake ni jepesi. Sa'd bin 'Ubaadah (Radhiya Allaahu 'anhu) alifiwa na mama yake hali ya kuwa yeye hayupo, akaja kumuuliza Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kama swadaka itamfaa mama yake, naye akamjibu kuwa itamfaa, basi akamtolea bustani yake. Na jina halina ubaya ikiwa nia si kujionyesha. Jina linawakumbusha wanaosoma kumuombea dua aliyetajwa. Lakini hilo la tatu lilinifanya nisiandike jibu siku ile ile. Nilimkumbuka mtu mmoja, mzaliwa wa kisiwa hiki hiki, ambaye jina lake hutajwa kila siku Dar es Salaam na watu wasiojua kama lilikuwa jina la mtu.

Miaka mingi nyuma nilimpeleka jamaa yangu Muhimbili. Tukaelekezwa Sewahaji. Nikakaa benchi, na mzee aliyekuwa karibu yangu akaniambia kuwa labda Sewahaji ni jina la daktari wa zamani, Mhindi. Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Alikuwa Mhindi, lakini hakuwa daktari. Alikuwa muuza nguo na shanga, mkopeshaji wa misafara, mnunuzi wa pembe za ndovu. Mali iliyojenga hospitali ya kwanza yenye jina lile ilipanda na kushuka kwa miguu ya wapagazi katika njia ya Bagamoyo mpaka Tabora.

Sewa Haji Paroo alizaliwa Unguja mwaka 1851. Baba yake, Haji Kanji, alikuwa mfanyabiashara wa asili ya Kutch, katika Khoja wa Ismailia. Najua wapo watakaoniuliza kwa nini naandika habari za mtu ambaye hatukutani naye katika madhehebu. Nawajibu kuwa nahadithia mali na namna ilivyotolewa, na katika hilo mna mazingatio kwetu sote. Mzee Haji Kanji alikuwa na duka Unguja na tawi Bagamoyo, ng'ambo ya bahari, palipokuwa mdomo wa njia ya bara. Mwaka 1869 kijana Sewa, akiwa na miaka 18, akavushwa kwenda kuisimamia biashara ya Bagamoyo. Umri huo kwetu leo kijana ndio kwanza anamaliza skuli.

Ili kuijua kazi aliyokuwa akiifanya, lazima kuijua njia yenyewe. Msafara ukitoka Bagamoyo ulivuka mto Kingani, ukapita nchi za Uzaramo na Ukami au Useguha, ukapanda milima ya Usagara mpaka Mpwapwa. Baada ya hapo ni Ugogo, nchi kavu, ambako kila mtemi alidai hongo yake kabla ya kuruhusu watu kuteka maji. Kisha ni pori la Mgunda Mkali, siku nyingi bila ya vijiji vya kutegemea, na mwisho wake Unyanyembe, yaani Tabora. Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka pwani mwezi wa Juni 1857 na wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora hiyo, tarehe 7 Novemba. Siku 134. Na ukitoka Tabora bado ilibaki safari ya kwenda Ujiji, ziwani, na kwa wengine kuvuka ziwa kuingia Manyema.

Tabora ilikuwa njia panda ya yote hayo. Njia ya kaskazini iliendelea Karagwe mpaka Buganda, ya magharibi Ujiji. Waarabu kutoka Unguja na Oman walijenga pale matembe makubwa yenye nyua na miembe, wakaishi miaka, wengine wakaoa katika nyumba za watemi. Baba yake Tippu Tip, Muhammad bin Juma, alikaa huko na akamuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Ukoo kama huo ulikuwa na mguu mmoja Unguja na mwingine Unyanyembe. Nilipofika Tabora kwa mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa treni ya usiku kucha na sehemu kubwa ya mchana, wenyeji walinipeleka Kwihara kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley. Kuliko tembe lenyewe, kilichonishangaza ni miembe, na namna wazee wa pale walivyozungumza Kiswahili chenye maneno ya kwetu. Bibi mmoja alinikaribisha uji kwa lafudhi ambayo ningedhani natokea kwa shangazi yangu.

Nani aliyebeba? Wanyamwezi, kwa wingi wao. Kubeba kwao hakukuwa unyonge hata kidogo. Kijana wa Kinyamwezi aliyewahi kushuka pwani na kurudi alionekana mwanamume kamili. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, kilo thelathini na ushei, juu ya bega au kichwani, na juu yake huyo mtu akabeba mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Mbele alikwenda kirangozi na bendera. Kwenda juu walibeba merikani na kaniki, shanga za rangi zilizopendwa na kila nchi, nyaya za shaba, baruti na bunduki. Kurudi walibeba pembe.

Na habari pia zilitembea kwa miguu. Livingstone alipokufa mwaka 1873, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliuchukua mwili wake mwendo wa miezi mingi, wakapita nao Tabora, wakaufikisha Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Dunia ilitegemea miguu ya watu kama hao kujua nani kafa na nani yu hai. Familia ya mtangazaji wetu itanielewa nikisema kuwa redio imefanya kazi ya kirangozi.

Kazi ya Sewa Haji ilikuwa kuuwezesha msafara utoke. Mfanyabiashara wa kwenda bara mara nyingi hakuwa na mtaji. Alikuja dukani Bagamoyo akapewa nguo, shanga na nyaya kwa mkopo, akatafutiwa na wapagazi, akaondoka. Mwaka ulipita, au miwili, au zaidi. Akirudi na pembe, deni lililipwa kwa pembe. Asiporudi, kwa sababu amekufa kwa homa au ameporwa au amehamia Manyema na kuoa huko, basi mali imekwenda. Hapa Unguja biashara hiyo kwa kipimo kikubwa zaidi aliifanya Tharia Topan, ndiye aliyemkopesha Tippu Tip. Bagamoyo, jina lililosikika likawa la Sewa Haji. Wapagazi wakiteremka kutoka Unyamwezi kwa maelfu, wakasubiri wiki na miezi kupata mzigo wa kurudi nao, yeye alikuwa miongoni mwa watu wachache walioweza kuwaweka pamoja na mizigo.

Dunia ilimsikia kwanza kwa ubaya, na kwa kalamu ya mwandishi wa habari. Mwaka 1871 alifika Bagamoyo Henry Morton Stanley, ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone. Alihitaji wapagazi zaidi ya mia, na alikuwa na haraka. Alikaa Bagamoyo kiasi cha wiki sita akigombana na kila mtu, na miongoni mwa aliogombana nao ni kijana wa Kihindi wa miaka ishirini hivi aliyemtafutia wapagazi. Katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata, Stanley alimtaja kwa jina lililoharibika kidogo kwa masikio ya kigeni, akamtuhumu kumpunja katika hesabu na kumzungusha. Lakini wapagazi walipatikana. Misafara mitano ikatoka, mmoja baada ya mwingine, na Stanley akaondoka na wa mwisho tarehe 21 Machi, akafika Unyanyembe mwezi wa Juni.

Siandiki haya kumsafisha Sewa Haji. Mfanyabiashara anaweza kupunja, na Allaah Amewaonya wenye kupunja vipimo katika sura nzima. Ila naona ni uadilifu kusema kuwa habari ile tumeipokea kwa upande mmoja. Stanley alikuwa na gazeti na kitabu. Yule kijana alikuwa na daftari la duka tu. Mwandishi wa habari akikosea juu ya mtu, kosa lake linaweza kukaa miaka mia na hamsini, na hili liwe katika mafunzo ya hao vijana watakaosomeshwa.

Mwaka ule ule njia ilifungwa. Mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora, na katika vita hivyo aliuawa Khamis bin 'Abdallah, mmoja wa wakubwa wao. Njia ya Ujiji ikakatika, pembe zikakwama, na bei zikapanda Unguja. Kwa mwenye duka Bagamoyo, vita vya Tabora vilikuwa ni deni lisilolipika. Hii ndiyo hali aliyokulia nayo katika biashara: mali yake ilikuwa kila mara mahali ambapo macho yake hayafiki, mikononi mwa watu aliowaamini kwa neno na shahidi.

Sasa nitaje lile ambalo msomaji mwenye dhamiri ameshalifikiria. Njia ile ile ya pembe ilipitisha watumwa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe kwa ujira walikuwa watu huru, na hili tusilichanganye, maana limechanganywa sana. Lakini walikuwepo pia watu waliotekwa Manyema na kwingineko, na misafara mingine ilirudi nao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na hali ya utumwa kisheria ikafutwa hapa Unguja Aprili 1897 kwa amri ya Sultani Hamoud bin Muhammad. Sewa Haji alifariki Februari ya mwaka huo huo. Maisha yake yote ya biashara yalikuwa ndani ya zama hizo, na mwenye kukopesha nguo na baruti kwa watu wa bara hawezi kusema mali yake ilipita pembeni ya dhulma hiyo bila kugusana nayo. Sisi watu wa visiwani hatuna haki ya kumnyooshea kidole peke yake. Nyumba nyingi za mawe tunazojivunia, na misikiti mingine tunayoswali ndani yake, zilijengwa na pembe hizo hizo na karafuu zilizochumwa na mikono isiyolipwa.

Wanavyuoni wamesema juu ya mali iliyochanganyika halali na haramu: kama mwenye haki anajulikana, arudishiwe, kama hajulikani, mali hiyo iende katika maslahi ya Waislamu na mafukara, na mwenye kuitoa aitoe kwa kujivua nayo. Mimi sijui nia ya Sewa Haji, nia iko kwa Mola wake. Ninachokiona ni pale alipoielekeza mali hiyo: kwa wagonjwa, wenye ukoma, mafukara na watoto wasiojua kusoma.

Mambo yalibadilika haraka baada ya 1888. Wajerumani waliingia pwani, Bushiri bin Salim akasimama dhidi yao, Bagamoyo ikapigwa na kuhamwa. Bushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889. Mwaka 1890 bendera ya Wajerumani ikapandishwa Tabora. Mtemi Isike akaipinga mpaka Januari 1893, boma lake lilipovunjwa, akajilipua na baruti kuliko kushikwa. Makao makuu ya Wajerumani yalihamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Mfanyabiashara mwenye akili aliweza kuona mwisho wa zama zake. Pembe zilikuwa zikipungua, bunduki na baruti zimewekewa masharti, na wakubwa wapya hawakuwa na haja ya kumtegemea mtu wa kati milele.

Katika miaka hiyo hiyo, badala ya kukusanya na kuvuka kurudi Unguja, alianza kutoa. Bagamoyo alitoa jengo la ghorofa liwe skuli, akalikabidhi kwa serikali ya Wajerumani kwa sharti. Sharti hilo ndilo lililonifanya nimkumbuke: skuli isiwe ya Wahindi peke yao, ipokee watoto bila ya kubagua rangi wala kabila. Fikiri ni zama gani. Ni miaka ya 1890, kila jamaa ina msikiti wake, jamatini yake, makaburi yake. Mhindi mwenye pesa zake angeweza kuwajengea Khoja wenzake, na hakuna ambaye angemlaumu. Wengi wa zama zake walifanya hivyo na wakapata sifa. Yeye alitaka mtoto wa Mswahili wa Bagamoyo na mtoto wa Mhindi mwenye duka wakae chini ya paa moja. Skuli ya Mwambao ya Bagamoyo inayajua asili yake hayo mpaka leo.

Pale Bagamoyo pia alisaidia kisima, na alisaidia matunzo ya wenye ukoma. Hili la ukoma wasomaji vijana huenda wasilione uzito wake. Mwenye ukoma zama hizo alikuwa amekufa kabla ya kufa. Na wapagazi waliofika Bagamoyo baada ya kuvuka Ugogo walifika na vidonda, ndui na kuhara. Mji uliotajirika kwa migongo yao haukuwa na pa kuwalaza. Dar es Salaam alitoa pesa za kujenga hospitali. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1897 na ikaitwa kwa jina lake, ikatibu Waafrika na Wahindi. Wazungu walikuwa na yao, ile ya ufukweni, Ocean Road. Kwa hiyo mtu aliyeweka sharti la kutobagua katika skuli, hospitali iliyopewa jina lake iliingia moja kwa moja katika mpango wa ubaguzi wa dola. Hakuwa na la kufanya, na hakuishi kuyaona.

Alifariki hapa Unguja tarehe 10 Februari 1897, akiwa na miaka 46. Katika wasia wake aliacha majumba na ardhi yake ya Bagamoyo na Dar es Salaam mikononi mwa serikali, kwa sharti kuwa mapato yake yaende kwa wenye ukoma, kwa chakula cha wagonjwa hospitali na kwa mafukara.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu ndipo penye faida kwa ile familia. Katika sheria yetu wasia haupindukii thuluthi ya mali ila warithi waridhie, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimzuia Sa'd bin Abi Waqqaas kutoa zaidi ya hapo, akamueleza kuwa hata thuluthi ni nyingi. Anayetaka kutoa zaidi atoe akiwa mzima, kama alivyotoa Sewa Haji lile jengo la skuli. Na angalieni tofauti ya matokeo. Jengo alilolitoa hai, kwa sharti lililosemwa wazi, kwa kazi moja inayojulikana, mpaka leo ni skuli. Majumba na ardhi aliyoyaacha kwa wasia yaliingia katika mali ya dola. Wajerumani waliondoka baada ya vita vikuu vya kwanza, Waingereza wakaingia, daftari zikabadilika lugha. Hospitali ilibaki na jina lake, ikawa hospitali ya Waafrika wa Dar es Salaam, mpaka mwaka 1956 ilipofunguliwa hospitali mpya iliyoitwa Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ndiyo Muhimbili. Jina la binti mfalme limefutika. La muuza shanga limebaki kwenye jengo la wodi.

'Umar bin al-Khattwaab (Radhiya Allaahu 'anhu) alipopata ardhi Khaybar, na ilikuwa ndiyo mali yake aipendayo kuliko zote, alimshauri Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), akaiweka wakfu: asili yake isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe, na mazao yake yawe kwa mafukara, jamaa, wageni, wasafiri na njia ya Allaah. Hakuishia hapo. Aliandika, akaweka msimamizi, akaruhusu msimamizi ale kwa wema bila ya kujilimbikizia, na akausia kuwa baada yake asimamie binti yake Hafswah. Mambo matatu yalikamilika: asili imefungwa, wanufaika wametajwa, msimamizi ana jina. Sewa Haji alikuwa na mawili ya mwanzo kwa uzuri kabisa. La tatu alilikabidhi kwa serikali ya kigeni, na serikali haina binti wa kuiona haya.

Na kuhusu nani anufaike, wanavyuoni wetu wa Shaafi'iy hawakuzuia wakfu kumnufaisha asiyekuwa Muislamu anayeishi nasi kwa amani. Inapokewa kuwa Swafiyyah (Radhiya Allaahu 'anhaa), mama wa Waumini, alimuachia fungu nduguye aliyebaki katika dini ya Mayahudi. Jamaa wana haki ya kutangulizwa wakiwa wahitaji, na katika wakfu wa 'Umar jamaa wametajwa. Lakini wametajwa pamoja na msafiri, mtu asiyejulikana ukoo wake. Mfuko wa kusomesha ukifungwa kwa ukoo peke yake, kizazi cha tatu huwa kinagombana barazani nani ni ukoo na nani si ukoo. Nimekaa katika sulhu za wakfu za namna hiyo, na nimeona ndugu wakigomana salamu kwa ajili ya kodi ya vyumba viwili vya duka.

Reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Pagazi hakuhitajika tena, na Bagamoyo ikabaki kando. Tabora yenyewe ikageuka mji wa skuli. Ndiko alikosoma Julius Nyerere kuanzia mwaka 1937, na vijana wengi wa nchi hii na wa visiwani wamepita madarasa ya huko. Nilipokuwa Kwihara mzee mmoja alininong'oneza kuwa watu wa pwani walichukua pembe na kuacha miembe. Alikuwa akitania, lakini utani wa watu wa Tabora kwa watu wa pwani una deni ndani yake. Skuli ilijengwa Bagamoyo, hospitali Dar es Salaam, na kaburi lipo Unguja. Kule ambako migongo ilitoka halikujengwa jambo.

Kwa hiyo hati niliyoirudisha kwa ile familia ina mabadiliko haya. Pesa zilizochangwa zisitumike zenyewe. Kinunuliwe kitu cha kukodisha, kiandikishwe Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na kodi ndiyo isomeshe. Wasimamizi wawe watatu, mmoja awe nje ya familia, na watajwe watakaowafuatia wakifa. Wahitaji wa ukoo waombe kama wengine na watangulizwe wakilingana tu. Kijana yeyote wa Unguja na Pemba mwenye sifa na asiye na ada aweze kuomba. Na yule mdogo wao, aliyeuliza swali, alipokuja kuichukua hati nikamsimulia habari hii ya Tabora. Akaniomba tuongeze mstari mmoja, nafasi moja kila baada ya miaka michache iwe ya kijana kutoka Unyamwezi, kwa sababu baba yao aliwahi kwenda huko kikazi na akalishwa na watu asiowajua. Ndugu zake wanalijadili hilo. Mimi nimewaambia kuwa kisheria halina tatizo.

Na Allaah ni Mjuzi zaidi.